Jina la Kujazia Karatasi

Jumatatu, 27 Machi 2023

Saa zimesogezwa mbele jana. Ya ukutani nimeiweza. Ya jiko la umeme imenishinda — itabaki nyuma mpaka Oktoba, kama kila mwaka. Nani hasa anafaidika na mchezo huu? Nilimuuliza Neville leo kishambani. Akasema wakulima. Nikamwambia wakulima ndio mimi na yeye, na sijaiona hiyo faida. Akacheka mpaka chai ikamwagikia buti.

Kishamba changu na chake vimetengwa na kamba tu. Zaidi ya miaka kumi tunakodi vipande hivi vya halmashauri, tunapanda maharage na kuisema Uingereza. Leo ilikuwa zamu ya nyanya. Dukani bado wanazipima, pakiti tatu kwa mtu, utadhani tuko vitani. Yeye anasema ni baridi ya Hispania. Mimi nasema ni wale waliopiga kura kututoa Umoja wa Ulaya. Hapo nikakumbuka kwamba yeye ni mmoja wao, na kwamba tulikwisha kukubaliana neno hilo lisivuke kamba. Nikammiminia chai nyingine. Ndiyo namna yetu ya kuombana radhi.

Jioni akaja Pippa. Pippa ni katibu wa chama chetu hapa Harbeck. Chama chetu hapa Harbeck ni Pippa, mimi, na watu wachache wanaofuata keki. Anataka jina langu. Uchaguzi wa madiwani ni tarehe nne Mei na katika kata yetu hatuna mtu. Si kugombea hasa, anasema. Ni jina la kujazia karatasi! Chama kinaona aibu mpinzani apite bila kupingwa. Hakuna mikutano, hakuna vipeperushi, hakuna kugonga milango ya watu wakila. Na sitashinda, ameapa. Kata hii haijamchagua mtu wetu tangu reli ifike.

Nilitaka kukataa. Nikasema, "Nadhani naweza." Mtu yeyote wa huku kwetu Yorkshire angejua hiyo ni hapana. Pippa kazaliwa Surrey, kusini. Alikuwa ameshatoa kalamu.

Nikamuuliza, na Neville je? Maana diwani wa kata hii, miaka ishirini sasa, ni Neville Aske, huyohuyo wa upande wa pili wa kamba. Pippa akasema kwa Neville itakuwa kama kung'atwa na mbu tu. Sawa. Lakini mimi namjua Neville. Tangu mke wake Audrey afariki, huo udiwani ndio unaomtoa kitandani. Watu wanampigia simu kuhusu mapipa ya taka, naye anakwenda kuyatazama. Bila hayo sijui angekuwa na nini. Viazi, basi.

Nitamwambia kesho. Kwa utani tu.


Alhamisi, 30 Machi

Sijamwambia.

Nilikwenda na maneno tayari mdomoni. Akanitangulia na treni. Alikuwa na mkutano Leeds jana: ya kwanza imefutwa, ya pili imekuja na mabehewa mawili, akasimama njia nzima karibu na choo ambacho mlango wake haufungi. Hapo nani angeingiza habari ya uchaguzi? Nikamjibu kwa habari ya daktari. Simu zinafunguliwa saa mbili asubuhi. Ukipiga saa mbili kamili inalia kwamba inatumika. Ukipiga dakika moja baadaye, nafasi za leo zimekwisha, jaribu kesho! Mwaka jana tulibadilisha mawaziri wakuu watatu kabla mimi sijaonyesha bega langu kwa mtu.

Kisha tukaingia kwenye maegesho. Hapo tuligombana kidogo. Kuanzia Jumamosi mashine za sarafu za pale sokoni zinang'olewa. Utalipia gari kwa simu, au hutasimama. Neville alipiga kura kuunga mkono. Anasema halmashauri haina pesa, mashine zimezeeka na kuzitengeneza ni ghali. Nikamuuliza, na mzee asiye na simu ya maana afanye nini? Akasema kuna namba ya kupiga. Nikasema apige kwa kutumia nini? Alitazama miche yake ya vitunguu kwa muda mrefu.

Nilipoondoka alisema, "Si vibaya, leo." Alimaanisha hali ya hewa. Nadhani.


Jumatano, 5 Aprili

Majina yametoka. Yamebandikwa kwenye mlango wa jengo la halmashauri, na kwa Nasreen wa duka la magazeti, ambako ndiko watu husoma. Wawili tu. ASKE, Neville. THRELFALL, Lorna. Nilisimama mbele ya jina langu kama mtu aliyekuta picha yake kituo cha polisi.

Nasreen akapiga makofi. "Mpenzi, mbona hukutuambia!" Foleni nzima ikageuka. Nikasema ni jambo dogo, ni jina tu, msihangaike. Bwana mmoja nyuma yangu akasema afadhali, anataka kumpa mtu mwingine kura kwa mara moja maishani. Nikalipia maziwa nikaondoka mbio. Gazeti nililolifuata nimelisahau.

Neville hupita pale kila asubuhi. Ameona. Nimechelewa kumwambia, na kosa ni langu mwenyewe, hakuna serikali ya kulaumu.


Ijumaa Kuu, 7 Aprili

Siku ya viazi. Kila mtu hupanda leo, mvua au jua, hata wasioenda kanisani. Nilifika mapema nikitumaini kupanda na kuondoka. Alikuwa ameshafika, amepiga magoti kwenye kipande cha zulia la zamani, ameleta ile mikate mitamu ya Pasaka yenye msalaba, na siagi halisi.

Tulizungumza saa tatu nzima! Bei ya siagi. Kampuni ya maji na yale inayoyamwaga mtoni, na jinsi bili inavyopanda wakati samaki wanapungua. Mashine za kujilipia dukani — juzi moja ilinitangazia mbele ya watu kwamba kuna kitu kisichojulikana kwenye mfuko wangu. Ni kabichi! Sherehe za kutawazwa Mfalme: yeye anazitaka, mimi naona ni ghali, wote wawili tutazitazama. Vijana wanaosikiliza muziki kwenye basi bila visikizio. Watu wanaosema "natumaini uko salama" mwanzoni mwa barua ya kukudai.

Tumesema yote ya Uingereza, isipokuwa moja.

Mara mbili niliona anafungua mdomo. Mara mbili akaufunga, akaweka kiazi. Mimi nilifanya hivyo hivyo, na viazi vyangu vimekaribiana mno kwa sababu hiyo. Mwishowe akasimama, magoti yakalia, akasema "Naam, ndiyo hivyo," nami nikasema "Ndiyo hivyo."

Nikarudi nyumbani nimeshusha pumzi. Hana kinyongo, kama angekuwa nacho asingeleta mikate. Na kwa kuwa sitashinda, tarehe tano Mei itapita na sitalazimika kulitaja milele. Nimekula mkate wa mwisho nikiwa nimesimama jikoni.


Jumanne, 18 Aprili

Mdomo umeniponza. Nyumba inanuka maji ya lavenda niliyojipaka nitulie.

Nilikwenda duka la dawa pale sokoni. Nje alisimama mzee mmoja na mke wake ndani ya gari. Mzee ana simu ya vibonye. Anatazama bango jipya la maegesho, anaitazama simu, anatazama bango. Mke anahitaji dawa za moyo. Mlinzi wa maegesho anawaambia kwa upole kabisa kwamba hawezi kuwaruhusu, mfumo haumruhusu. Mfumo!

Sikumbuki vizuri nilianzaje. Nilisema kwamba nimezaliwa mji huu, na babu yangu aliyatandaza mawe haya ya soko, na kama mtu hawezi kusimamisha gari lake juu yake anunue dawa, basi hao waliopigia kura jambo hili waje wasimame hapa wao, kwenye mvua, na simu zao, mpaka waote ukungu. Nikasema tumekuwa nchi ya kuombwa nenosiri. Nikasema nenosiri la choo ndilo linalofuata. Watu wakaanza kukusanyika, nami, Mungu anisamehe, nikaona raha. Mlinzi akawaacha wale wazee wakaingia.

Kumbe msichana mmoja alikuwa anarekodi. Saa nane mchana nilikuwa kwenye ukurasa wa mji mtandaoni. Saa kumi Pippa kanipigia simu, sauti yake imepanda kama ya bata. Watu mia na kitu wameandika kwamba watanipa kura!

"Hao waliopigia kura jambo hili." Niliyasema hayo kwa sauti. Waliolipigia kura ni watano, na mmoja wao ndiye hunipa mbegu za karoti.


Jumapili, 23 Aprili

Neville haji kishambani.

Jumatano hakuja, Alhamisi hakuja, jana hakuja, leo hakuja. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Miche yake ya vitunguu imelegea ndani ya kisanduku cha kioo, nikavuka kamba nikaimwagilia. Sijawahi kuivuka bila kualikwa. Nilijihisi mwizi, mwizi anayeleta maji.

Nikampigia Pippa. Nikamwambia toa jina langu. Akasema haiwezekani, muda wa kujitoa ulipita kabla hata ya Pasaka. Hata nikifa leo jina litachapwa. Akacheka, halafu akaona sicheki. Nikamwambia ukweli: sitaki kumnyang'anya mtu kitu pekee alichobaki nacho. Akasema basi usifanye lolote, Lorna. Usiseme neno. Kaa ndani.

Hilo naliweza. Sitafungua mdomo hadharani mpaka tarehe tano.


Jumatatu, 1 Mei

Sikukuu ya mapumziko, kwa hiyo mvua. Nilikwenda kwa Nasreen kununua kadi. Nikamwambia kwa furaha kwamba nimekaa kimya wiki nzima na watu watakuwa wamenisahau.

Nasreen akaniangalia kwa huruma. Anasema ndiyo maana wananipenda! Chama cha Neville kimetupa vipeperushi vitano kwenye kila mlango. Mimi sijatupa hata kimoja. Watu wanasema hatimaye amepatikana mwanasiasa mwenye adabu.

Nilipotoka nikamwona. Yuko juu ya ngazi, anafunga vibendera vya kutawazwa kwenye nguzo ya taa, koti limelowa. Chini yake bwana mmoja anamfokea kuhusu shimo la barabara la mtaa wa Mill, na Neville anajibu kutoka juu, pole pole, huku akishikilia kamba kwa meno. Bwana yule alipokwenda zake nikasogea. Nilishika ngazi. Haikuhitaji kushikwa.

Akasema mvua hii ni nzuri kwa viazi. Nikasema ni nzuri, ingawa ikizidi si nzuri. Akakubali kwamba ikizidi si nzuri. Kisha akashuka. Uso wake! Amekonda. Macho yamezama kama ya mtu asiyelala. Nilimwambia vitunguu vyake vimepata maji. Akasema, "Nilijua ni wewe," na akataka kuongeza kitu, lakini mwanamke mmoja akamwita kuhusu pipa la taka.

Nimefanya nini jamani. Nimelia kidogo nilipofika nyumbani, nikafuta kwa kitambaa cha vyombo.


Alhamisi, 4 Mei

Nimepiga kura. Mara ya kwanza walinirudisha, maana mwaka huu lazima uwe na kitambulisho chenye picha. Anayesimamia meza ni Doreen, tulisoma darasa moja, nilimshika nywele akitapika kwenye safari ya shule ya Scarborough. "Lazima nione picha yako, Lorna." Nikarudi nyumbani kuchukua pasi ya basi ya wazee. Doreen akaikagua, akanikagua, akasema ni wewe kweli, ingawa pichani umetoka kama mtu aliyeua. Niliahidi kutosema neno hadharani, kwa hiyo nikashukuru.

Ndani ya kile kibanda, penseli imefungwa kwa uzi. Majina mawili. Nilitazama la kwangu. Nikaweka alama kwa Neville. Sikusita hata kidogo, na nilipoikunja karatasi ile nilihisi nafuu ambayo sijaipata tangu Machi. Nimefanya nililoweza. Basi mji wote ufanye lake.

Nje mbwa watatu wamefungwa kwenye uzio wakiwangoja wenyewe. Nikampapasa kila mmoja.


Ijumaa, 5 Mei

Ukumbi wa michezo. Nimeleta daftari kwa sababu Pippa alinionya kwamba kuhesabu ni kungoja.

Meza ndefu zimepangwa juu ya mistari ya badmintoni. Wahesabuji ni watu wa benki na walimu, vidole vyao vina kasi ya ajabu. Kuna kona ya chai, na kopo kubwa la biskuti. Neville yuko upande ule na watu wake, suti ya kijivu, ile ya mazishi ya Audrey. Tumepungiana mkono. Pippa anazungukazunguka, amekwisha kula kucha zote.

Saa tano. Pippa kaja mbio. Tuko sawa! Nilidhani anamaanisha tuko salama. Anamaanisha kura.

Saa tano na nusu. Wanahesabu upya. Msimamizi wa uchaguzi ni mama mmoja mrefu anayeitwa Bi. Hallworth, miwani kwenye mnyororo, ametoka Northallerton. Ametuita mimi na Neville pamoja na kutuuliza kama tunaridhika na hesabu. Neville akasema ameridhika. Nikasema nimeridhika. Bi. Hallworth akasema basi mmeridhika na sare, maana ni sare tena, kura mia nne na kumi na mbili kwa kila mmoja. Sheria inasema ni bahati nasibu. Majina mawili kwenye chombo, yeye anachota moja bila kutazama. Huyo ndiye diwani.

Amekwenda kutafuta chombo. Halmashauri imefikiria kila kitu isipokuwa chombo.

Naandika haraka, maana hili lazima niliandike.

Nilikwenda kona ya chai. Neville akanifuata. Tulisimama tukitazama birika. Nikaona siwezi tena, hata kama ni kuvunja kila adabu niliyofundishwa. Nikamwambia nisamehe. Nikamwambia sikutaka kushinda, niliombwa jina tu, na yale ya sokoni sikuyapanga, na jana kura yangu nilikupa wewe.

Akaweka kikombe chini. Akageuka akanitazama, na uso wake umekuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Ulinipa mimi?" akasema. "Lorna! Mimi nilikupa wewe."

Sikuelewa. Akarudia. Nilikupa wewe, anasema, yaani mimi Lorna. Alisimama na ile penseli akaweka alama kwenye Threlfall. Kwa maana nyingine kura zetu zimefutana, na tungebaki nyumbani tukala kifungua kinywa matokeo yangekuwa haya haya.

Nikamuuliza kwa nini. Ikabidi aketi kwenye benchi la wachezaji. Nami nikaketi. Maneno yalimtoka kidogo kidogo, akiyaambia magoti yake.

"Udiwani ulikuwa wa Audrey," akasema. "Si kwenye karatasi. Lakini yeye ndiye aliyependa watu mlangoni. Alijua mapipa ya kila mtu. Mimi nilikuwa nabeba faili. Alipokwenda nikaendelea, kwa sababu hakuna aliyeniambia niache. Miaka sita, Lorna. Kila simu ikilia wakati wa chakula natamani kuitupa mtoni."

Alitaka kuacha uchaguzi uliopita. Wenzake wakamuuliza mbele ya kikao kizima kama yuko nao tena, wote wanatabasamu, kuna sandwichi mezani. Angesemaje hapana? Akasema ndiyo. Mwaka huu vilevile. Kisha akaona jina langu dukani kwa Nasreen, akanunua gazeti, akarudi nyumbani, na usiku ule alilala fofofo mara ya kwanza tangu mazishi.

Nikamuuliza basi mbona hukusema, Ijumaa Kuu nzima, na mikate yote ile? Akasema alidhani nautaka udiwani sana. Akaogopa nikijua anatamani kushindwa nitaona ananihurumia, nitaukosa utamu wa ushindi wangu. Na baada ya ile video? Nilidhani umenichukia, nikasema. Hukuja kishambani.

Alianza kucheka, machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya tai. Aliitazama mara nne, anasema. Alikuwa na furaha kiasi kwamba hakuthubutu kunikaribia. Angenishukuru, na ni mgombea gani anayemshukuru mpinzani wake kwa kumsema sokoni? Akaenda kukaa kwa dada yake Whitby mpaka furaha imtoke. Huko hakulala, hofu ikamrudia: itakuwaje watu wakimwonea huruma wakamchagua tena? Kukonda kote kule! Mimi nilikuwa nikimlilia kwenye kitambaa cha vyombo, yeye anakonda kwa kuogopa kushinda.

Mzigo ulinitoka mabegani, kweli kabisa, nilihisi unaondoka. Nilimpiga kofi la bega. Nikamwambia wewe ni mjinga, Neville Aske. Akasema ndiyo, naye anajua. Hatujawahi kugusana tangu tujuane, ukiacha kupeana mbegu.

Kisha nikamwambia ni rahisi. Akichotwa yeye, akatae. Mtu hawezi kulazimishwa kutia sahihi ya kukubali udiwani.

Akatikisa kichwa. Akikataa utaitishwa uchaguzi mwingine, watu wachoshwe na vipeperushi tena, halmashauri ilipe ambacho haina. Na watu mia nne na kumi na mbili walitoka nyumbani na vitambulisho vyao kwa ajili yake. "Jina langu likitoka nitafanya kazi," akasema. "Miaka minne mingine. Sitawaambia watu hapana. Sijui namna." Nilimtazama, nikaona anasema kweli. Atakwenda kuyatazama mapipa hadi aanguke kando yake.

Na mimi? Mimi najua kusema hapana. Kwa mlinzi, kwa mashine ya kabichi, kwa bango la maegesho. Nimeisema nchi hii zaidi ya miaka kumi juu ya kamba na sijawahi kuulizwa ningefanya nini. Sasa nimekaa kwenye benchi la badmintoni na najikuta ninajua. Kwanza mashine moja ya sarafu irudi, moja tu, karibu na duka la dawa. Kisha shimo la mtaa wa Mill. Simu zikilia wakati wa chakula nitawaambia nakula. Sijui wazo hili limeingia lini. Linanitisha, na sitaki litoke.

Bi. Hallworth amerudi. Hakupata chombo, kwa hiyo amemwaga biskuti zote kwenye sahani na kulifuta kopo kwa leso. Majina yamekunjwa yakatiwa ndani, kopo likatikiswa. Pippa amefunika uso kwa skafu. Watu wa Neville na watu wetu wamesimama safu mbili, kimya, kama harusini. Mpiga picha wa gazeti la mji anauliza kama tunaweza kusogea kidogo, tukasogea, tukamwomba radhi.

Naandika nimesimama, daftari kwenye mkono. Neville yuko ubavuni mwangu. Bi. Hallworth anapandisha mkono wa koti. Ameangalia dari. Mkono umeingia.

Neville amefumba macho, midomo inamchezacheza. Najua anaomba jina gani. Nami naomba hilohilo.